MAJI MACHAFU YA KIWANDA CHA MAZIWA
Namna ya kuyasafisha kabla hayajafika mtoni

Mtu akiona mafuta ya gari yakielea juu ya mto hukasirika mara moja. Akiona maji meupe yakitoka katika bomba la kiwanda cha maziwa, mara nyingi hasemi neno. Maziwa ni chakula. Hunyweshwa watoto na wagonjwa. Yawezaje kuudhuru mto? Swali hilo ni la haki, lakini vyama vingi vya ushirika vinavyoanza kutengeneza mtindi, siagi au jibini huliuliza vikiwa vimekwisha chelewa, yaani baada ya jirani wa bondeni kuja na malalamiko, au baada ya mkaguzi wa mazingira kufika langoni. Somo la mwezi huu ni kwa wanachama na wasimamizi wa viwanda vidogo vya namna hiyo, na hasa wale ambao bado wanachora ramani ya jengo lao, maana kuchimba bwawa kabla ya kiwanda kuanza ni rahisi kuliko kulitafutia nafasi baadaye.

Jinsi maziwa yanavyoua mto

Ndani ya maji ya mto mna hewa ya oksijeni iliyoyeyuka. Samaki huivuta kwa matamvua yao, na wadudu wadogo wanaoliwa na samaki huishi kwa hewa hiyo hiyo. Lakini haipo nyingi. Lita moja ya maji safi ya mto huwa na miligramu 8 hivi tu. Humo humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na katika mto safi ni vichache kwa sababu chakula chao ni kichache.

Sasa mwaga maziwa humo. Vijidudu vinapata karamu ya mafuta, protini na sukari ya maziwa. Vinakula, vinazaana upesi, na kila kimoja huvuta oksijeni kinapokula. Wataalamu hupima ukali wa uchafu kwa kuuliza vijidudu vitatumia oksijeni kiasi gani vikiula kwa siku tano. Katika cheti cha maabara kipimo hicho huandikwa kwa herufi BOD, na msimamizi wa kiwanda hana budi kuzifahamu herufi hizo, kwa kuwa ndizo atakazoulizwa.

Lita moja ya maziwa yasiyoondolewa mafuta huhitaji kama gramu 100 za oksijeni, yaani miligramu 100,000. Gawanya kwa 8. Utaona kwamba lita moja ya maziwa yaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 12,500 za maji ya mto, kiasi kinachozidi yale matangi makubwa ya plastiki ya lita 10,000. Maji ya vyoo vya mji, ambayo kila mtu huyakimbia kwa harufu yake, hayafikii miligramu elfu moja kwa lita. Kwa kipimo hiki, basi, maziwa ni makali kuliko maji ya choo mara mia na zaidi, nayo hayanuki hata kidogo siku yanapomwagwa.

Uvundo huja baadaye. Oksijeni ikiisha, vijidudu vya namna nyingine, vile visivyohitaji hewa, hushika kazi, na hapo maji hutoa harufu ya mayai yaliyooza. Juu ya mawe na mizizi hushika utando wa kijivu unaoteleza, kama pamba iliyolowa. Ukiuona utando huo chini ya bomba la kiwanda, huna haja ya maabara kukuambia kwamba kuna jambo. Samaki wa kwanza kufa ni wale wanaopenda maji baridi yenye hewa nyingi, kama trauti wa mito ya Aberdare, walioletwa nchini kutoka Scotland mwaka 1905. Kambare huvumilia zaidi, kwa hiyo usidanganyike ukimwona kambare ukadhani mto ni mzima. Ng'ombe wa bondeni huyakataa maji hayo, na mama anayechota kwa ndoo hulazimika kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo maziwa si sumu. Mto ukiachwa, baada ya mwendo mrefu vijidudu humaliza chakula, maji hupata hewa tena kwa kuruka juu ya mawe, na uhai hurudi. Hapo ndipo penye siri ya kazi yote tutakayoieleza. Kusafisha maji ya kiwanda ni kuyaweka mahali tulipopachagua sisi wenyewe, ili vijidudu vile vile vile humo badala ya mtoni. Na kwa kuwa kila mdomo tunaoulisha lazima tuujengee nyumba, akili ya kwanza ni kuvilisha kidogo iwezekanavyo.

Anza ndani ya kiwanda

Watu wengi wakisikia habari za maji machafu hufikiri mara moja juu ya mashimo na saruji. Sivyo. Pa kuanzia ni sakafu ya kiwanda.

Tuchukue mfano wa chama kinachopokea lita 2,000 za maziwa kila siku. Kiwanda cha kiasi hicho, kisicho na uangalifu mkubwa wala uzembe mkubwa, huweza kutumia lita 2 za maji kwa kila lita ya maziwa. Hivyo kitatoa lita 4,000 za maji machafu kwa siku, na tuseme kila lita ina miligramu 2,000 za BOD. Jumla ni kilo 8 kwa siku. Tafadhali kumbuka hesabu hii, tutairudia.

Kilo hizo 8 zimetoka wapi? Ikiwa kiwanda kinapoteza maziwa 2 kwa 100, basi lita 40 zinakwenda na maji kila siku: yaliyoganda katika mikebe, yaliyobaki katika mabomba, yaliyofurika kwa sababu mtu alikuwa akizungumza kwa simu. Lita 40 ni kilo 4 za BOD, yaani nusu ya mzigo wote. Kwa mwezi ni lita 1,200. Zidisha kwa bei mnayomlipa mwanachama, mtaona ni fedha za nani zinazokwenda mtoni.

Mikebe ikishamiminwa, iinamishwe juu ya kichanja chenye karai chini yake, idondoke kwa dakika moja au mbili kabla ya kusuuzwa. Maji ya kusuuza mara ya kwanza, ambayo ni meupe, yakingwe kando. Ni chakula kizuri cha nguruwe ikiwa hayajaguswa na sabuni, ila yachemshwe kwanza kwa sababu itakayoelezwa mbele. Matangi na mabomba yawe na mteremko ili maziwa yatoke yenyewe bila kusukumwa kwa maji. Maziwa yakimwagika sakafuni yakusanywe kwanza kwa mpira wa kukaushia sakafu na kuwekwa katika ndoo. Asije mtu akayafukuza kwa mpira wa maji hadi mferejini, kama ilivyo desturi mahali pengi. Mwisho wa kila mpira wa maji pawe na koki ya kufunga kwa mkono. Mpira ulioachwa ukitiririka sakafuni tangu asubuhi hadi saa sita hausafishi chochote.

Maji ya kupozea mitambo, ambayo hayajagusa maziwa, na maji ya mvua kutoka paani, yapewe njia yao mbali. Ni ujinga kuyachanganya maji safi na machafu kisha kuyasafisha yote.

Maji ya jibini

Kama chama chenu kinatengeneza jibini, msikilize kwa makini sehemu hii. Katika lita 10 za maziwa hupatikana kama kilo 1 ya jibini, na lita 9 hivi za maji ya rangi ya kijani-njano. Maji hayo yamebeba karibu sukari yote ya maziwa. Ukali wake ni miligramu 30,000 hadi 50,000 kwa lita. Hakuna bwawa dogo linaloweza kuyapokea, na atakayewashauri myaachilie humo hawatakii mema.

Yapelekeni kwa mifugo. Nguruwe huyapenda sana, na ng'ombe pia huyanywa wakizoeshwa. Waanze kidogo kidogo, maana wakipewa mengi kwa ghafula huharisha. Yatolewe siku ile ile, kabla hayajachacha sana, na katika hori la mbao, plastiki au saruji nzuri, kwa kuwa ukali wake hula mabati. Yale yaliyotiwa chumvi nyingi yasitolewe. Tena yawe yametokana na maziwa yaliyochemshwa au kupashwa moto kiwandani. Maziwa mabichi yaliyochanganywa kutoka maboma mengi huweza kuchukua ugonjwa wa boma moja na kuupeleka katika mengine. Chama chenye wanachama wanaofuga nguruwe karibu chaweza kupanga zamu ya kuja na mapipa. Hata mkiyatoa bure mmepata faida, kwa sababu mmekwepa kujenga bwawa kubwa mara nyingi kuliko lile mlilonalo.

Maziwa yaliyokataliwa

Siku ya balaa ni ile umeme unapokatika usiku, na asubuhi tangi la kupozea limechacha. Tuseme lita 500 zimeharibika. Msimamizi, akiwa na haya mbele ya wanachama, hufungua koki na kuyaachilia yaende yasionekane. Lita 500 ni kilo 50 za BOD, ambazo ni mzigo wa siku 6 na zaidi wa kiwanda chetu cha mfano, zimefika bwawani kwa dakika chache. Vijidudu huvimbiwa, maji huwa makali, na bwawa lililofanya kazi vizuri mwaka mzima laweza kulala kwa wiki nyingi. Kama hakuna bwawa, basi mto hupokea kwa siku moja uchafu wa oksijeni sawa na wa kijiji cha watu 1,000.

Maziwa yaliyochacha tu, bila dawa ndani yake, yachemshwe na kugawiwa wenye nguruwe. Yale yaliyokataliwa kwa sababu ng'ombe alidungwa dawa ya kiwele hayafai mifugo, wala hayafai bwawani, kwa kuwa dawa iliyoua vijidudu vya kiwele huua pia vijidudu vyetu vya kazi. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yabaki kwa mwenye ng'ombe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Hilo ndilo dawa ya kweli. Yakiwa yamekwisha fika kiwandani, yamiminwe kidogo kidogo katika mtaro uliochimbwa shambani mbali na mto, kisima na chemchemi, na kufukiwa kwa udongo.

Kunasa mafuta

Sasa tutoke nje. Maji yanapoacha jengo yapite kwanza katika wavu wa chuma ili mabonge ya jibini, vipande vya plastiki na vifuniko vizuiliwe. Kisha yaingie katika shimo la kunasa mafuta. Shimo hili ni sanduku la saruji lenye ukuta katikati. Maji huingia kwa bomba lililopinda kuelekea chini, hutulia, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba jingine linaloanzia chini ya utando wa mafuta. Liwe kubwa kiasi cha kuyashika maji kwa muda wa nusu saa hadi saa moja wakati yanapokuja kwa wingi kabisa, yaani wakati wa kuosha mchana, si kwa wastani wa siku nzima. Kosa la kupima kwa wastani ndilo huwafanya wengi kulaumu fundi.

Maji ya moto sana hupita na mafuta yake yakiwa yameyeyuka. Yaacheni yapoe kwanza, au yachanganyike na maji baridi ya kusuuzia. Tena shimo lisilotolewa mafuta halina maana yoyote. Yaondolewe angalau mara mbili kwa wiki, yachanganywe na majani makavu na kuwekwa katika lundo la mbolea.

Tangi la kusawazisha

Viwanda huosha mitambo kwa kostiki soda, ambayo ni magadi makali sana, kisha wengine huosha kwa asidi ya naitriki ili kuondoa ukoko wa mawe ya maziwa. Kwa hiyo saa nane maji ni magadi, saa tisa ni asidi, na asubuhi ni maziwa matupu. Vijidudu havivumilii kurushwa hivyo huku na huku. Hapana budi kuwa na tangi linaloweza kushika maji ya siku nzima, ambamo magadi na asidi hukutana na kupunguzana nguvu, kisha maji hutoka polepole, sawasawa, mchana na usiku. Kwa chama chetu cha mfano tangi la lita 4,000 hadi 5,000 latosha. Lisiwe la kukaa zaidi ya siku moja au mbili, maana sukari ya maziwa hugeuka kuwa tindikali upesi.

Nunueni karatasi za kupimia pH. Ni rahisi kutumia. Saba ni katikati; chini ya hapo ni ukali wa asidi, juu yake ni magadi. Maji yanayotoka tangini yawe kati ya 6.5 na 8.5. Yakiwa chini, korogeni chokaa katika ndoo ya maji na kuitia kidogo kidogo huku mkipima. Na ile kostiki ya kuoshea isimwagwe kila siku. Ihifadhiwe katika tangi lake, iongezwe nguvu, itumike tena. Hiyo ni akiba ya fedha, na baadaye itaonekana kwamba ni akiba ya udongo pia.

Onyo moja lisisahauliwe na yeyote mwenye kazi ya kuosha. Asidi isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kuua wadudu, hata katika ndoo, hata katika mfereji mmoja. Hutoa gesi inayoua.

Mabwawa mawili

Viwanda vikubwa vya mjini hutumia mitambo ya kupuliza hewa ndani ya maji ili vijidudu vile upesi katika nafasi ndogo. Ni njia nzuri kwa mwenye fundi wa kudumu na fedha za umeme. Mpulizo ukisimama kwa siku chache, kazi yote huharibika. Kwa chama cha mlimani chenye ardhi kidogo ya kutosha, mabwawa hayana mota ya kuungua.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, na ni jembamba. Humo hakuna hewa, na hakutakiwi hewa. Vijidudu vyake huvunja uchafu na kuugeuza kuwa gesi ile ile iliyomo katika mitambo ya gesi ya samadi. Kasi yao hutegemea joto. Mahali ambapo mwezi wa saba, wenye baridi kuliko yote, una wastani wa nyuzi 17, kila meta moja ya ujazo huweza kupokea gramu 240 za BOD kwa siku. Mzigo wetu ni gramu 8,000. Gawanya, utapata meta za ujazo 33. Ongeza nafasi ya tope litakalotuama chini, ujenge 45: urefu meta 5, upana meta 3, na kina cha maji meta 3. Bwawa hili litaondoa nusu ya uchafu na zaidi kidogo, na kubakiza kama kilo 3.6.

Kabla ya kulianza, lijazwe maji, kisha litiwe mikokoteni michache ya kinyesi kibichi cha ng'ombe. Humo ndimo mna mbegu ya vijidudu tunavyovitaka. Kwa wiki za kwanza lipewe sehemu ndogo tu ya maji ya kiwanda, liongezewe polepole. Kiwanda kinachokosa subira hapa hupata bwawa la tindikali, na majirani watakaokuja kulalamika hawatakuwa wamekosea.

Bwawa la pili ni pana na la kina kifupi, meta 1.5. Chini yake hakuna hewa, lakini juu mimea midogo ya kijani isiyoonekana mmoja mmoja hufanya kazi kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni, na vijidudu huitumia. Jua ndilo mota yake. Kwa joto lile lile la nyuzi 17, kila meta ya mraba hupokea kama gramu 20 kwa siku. Gramu 3,600 kwa 20 ni meta za mraba 180, yaani meta 18 kwa 10.

Sasa turudi kwenye ile mikebe inayodondoka. Kama mngaliokoa lita 20 tu kati ya zile 40 zinazopotea, mzigo ungalikuwa kilo 6 badala ya 8, na bwawa la pili lingalihitaji meta za mraba 135. Ndoo moja ya maziwa iliyookolewa kila siku imewapa meta 45 za ardhi. Katika sehemu ambazo shamba zima la mtu ni robo ya eka, hilo si jambo dogo.

Mabwawa yachimbwe mahali ambapo upepo hauelekei nyumba, na kwa bwawa la kwanza umbali wa meta 200 kutoka makao ni vyema ukipatikana. Usipopatikana, bwawa la kwanza lifunikwe au lijengwe kama mtambo wa gesi, na gesi ipelekwe jikoni. Udongo unaovuja uzibwe kwa mfinyanzi ulioshindiliwa au kwa plastiki nzito. Pawe na ua imara na lango la kufungwa. Mtoto akitumbukia katika bwawa lenye kingo za utelezi hatoki.

Rangi na harufu husema

Mwangalizi asiye na maabara aweza kujua mengi kwa kutembea kando ya bwawa kila asubuhi. La pili likiwa la kijani, kazi inakwenda. Likigeuka rangi ya zambarau au waridi, au likawa la kijivu na kunuka, limelishwa kupita kiasi. Arudi kiwandani aulize nani amemwaga nini. Majani yanayoelea juu yatolewe yasizuie jua. La kwanza likifanya ukoko juu, uachwe, ni kifuniko kizuri. Lakini pH yake ikishuka chini ya 6.5, apunguze maji yanayoingia na kutia chokaa. Ataandika kila kitu katika daftari: lita za maziwa, usomaji wa mita ya maji, pH, rangi, na siku ya balaa yoyote. Daftari hilo humsaidia mkaguzi kuamini kwamba kuna mtu anayeangalia.

Baada ya mabwawa

Je, maji sasa yaweza kwenda mtoni? Bado. Maji yatokayo katika bwawa la pili huweza kuwa na miligramu 100 au 200 za BOD kwa lita, na mimea ya kijani ndani yake. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa maji yanayoachiliwa katika mazingira, na 500 kwa yale yanayoingia mfereji mkuu wa maji taka wa mji. Kanuni hurekebishwa, kwa hiyo kabla ya kujenga nendeni katika ofisi ya NEMA ya kaunti yenu, mwulize kikomo cha sasa, na mwombe leseni. Kiwanda kilicho karibu na mfereji mkuu wa mji kina bahati. Baada ya kunasa mafuta, kusawazisha na bwawa moja huenda kikaruhusiwa kujiunga nao kwa malipo.

Kwa walio mbali kuna njia mbili. Moja ni kuyapitisha maji polepole katika kitanda cha kokoto kilichopandwa matete au mafunjo, ambamo mizizi na vijidudu humalizia kazi. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa mkulima, ni kuyanywesha majani ya nepia, mkiisha kupata ruhusa. Maji haya yana naitrojeni na fosforasi, na nepia ni mlafi. Lakini yafuate mifereji midogo ardhini, wala yasirushwe hewani, na shamba ligawanywe ili sehemu moja ipumzike nyingine inaponyweshwa. Wakati wa mvua kubwa, ambapo ardhi imeshiba, maji yabaki bwawani; ndiyo sababu kingo zijengwe juu zaidi ya usawa wa maji kwa nusu meta. Mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe hapo.

Hapa ndipo ile kostiki inaporudi. Ina sodiamu, ambayo haiondolewi na vijidudu vyovyote. Ikizidi shambani hufanya udongo kushikamana, maji husimama juu, na ardhi ikikauka hupasuka na kuwa ngumu kama tofali. Mkiona dalili hizo, pelekeni udongo kupimwa, na mpunguze kostiki kiwandani kabla ya kulaumu mbegu.

Kuondoa tope

Tope likifikia theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, wakati umefika wa kulitoa. Pimeni kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Mahali palipochafuka kwa weusi ndipo juu ya tope. Litolewe kwa pampu au ndoo za kamba, mtu akiwa amesimama juu ukingoni. Asiingie mtu ndani ya bwawa, shimo wala tangi lililofunikwa, hata kama anasema ni kwa dakika moja, hata kama ni kumwokoa mwenzake aliyeanguka. Gesi iliyomo humo huua kabla mtu hajaweza kuita, na mara nyingi anayemfuata hufa pamoja naye. Wala pasiwe na sigara au moto karibu.

Sehemu ya tope iachwe chini iwe mbegu ya kuanzia upya. Lililotolewa litandazwe juu ya mchanga, unene wa kiganja, likauke kwa jua la miezi miwili ya kiangazi, kisha litiwe katika mashimo ya nepia kabla ya mvua za mwezi wa tatu.